Wasifu wa Fundi Afande na Filamu Yake ya Jumapili

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake, tunawashukuru kwa kuja kumsindikiza baba yetu. Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa mwisho, ambaye ndiye anayewasomea, na anaomba mumvumilie akikwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa mpishi wa hospitali na mkewe, mshona magodoro. Alisoma shule ya msingi ya mtaa wa nyuma, akamaliza mwaka 1966. Mwalimu wa hesabu alimwandikia kwenye ripoti kwamba ana akili ila anaongea kuliko redio. Tulipoiona ripoti hiyo tulicheka mpaka machozi yakatutoka, maana baba tuliyemjua sisi alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku.

Mwaka 1970 alijiunga na jeshi, akafundishwa udereva wa lori. Alipelekwa vitani, akakaa huko miezi kumi na minne, akarudi mzima wa viungo. Kuhusu miezi hiyo hakuna aliyewahi kumtoa neno kwa kumuuliza.

Alipoacha jeshi mwaka 1976 alijifunza ufundi wa cherehani, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane. Alizunguka kwa washonaji na kikopo chake cha mafuta na bisibisi tatu mfukoni. Hao ndio waliompa jina la Afande, kwa sababu akiinamia cherehani hakutaka mtu aguse pedali mpaka atoe ruhusa. Mshonaji mmoja aliyepo hapa leo anakumbuka alivyofokewa, "Nani kakupa amri?" mpaka mkasi ukamtoka mkononi. Afande mwenyewe alimwokotea, kisha akamchemshia chai.

Mama yetu, mshona sare za shule, alikutana naye kwa sababu ya cherehani iliyokuwa ikiruka mishono. Mwaka 1979 Baba alimpeleka sinema. Waliingia wakidhani ni kichekesho, maana tangazo la nje lilimwonyesha askari akitabasamu. Kumbe ilikuwa filamu ya vita, ya zamani hata wakati huo, nyeusi na nyeupe, inayomhusu dereva wa lori la jeshi anayeamriwa kuondoka darajani na kuwaacha wenzake. Nusu ya pili yote dereva huyo yuko nyumbani. Hapigani na mtu. Anafunga kamba za viatu, anazifungua, anazifunga tena. Mama yake anamwekea chakula, naye dereva anashika kijiko, mkono hauendi. Wakiwa njiani kurudi, Baba alimwambia Mama, "Sisi tulikuwa wanne kwenye lori." Walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1980.

Kanda za video zilipoingia mtaani aliitafuta filamu hiyo mpaka akaipata, baadaye akaipata kwenye diski, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana aliiweka. Sisi watoto tuliijua kwa kichwa. Baba alikuwa mtazamaji msumbufu. "Weka gia ya pili, bwana, unaua injini!" alimkemea dereva wa kwenye skrini, na mkuu wa kikosi wa filamuni naye Baba alimwita mpiga kelele. Lakini ikifika sehemu ya kijiko alinyamaza. Aliwahi kumwambia kaka yetu mkubwa, "Aliyeitunga hii hakusimuliwa, alikuwepo. Angesimuliwa, angempa bunduki. Huyu kampa kijiko." Alimpenda yule askari kwa kuwa hakuwa shujaa wa kupigiwa makofi. Alikuwa mtu aliyetii amri, kisha asijue aifanyie nini mikono yake.

Ni katikati ya filamu hiyo tu, macho yakiwa kwenye skrini, ndipo Baba alipodondosha sentensi moja moja. Mwaka mmoja alisema, "Mmoja wetu alikuwa anaimba vibaya sana." Mwaka mwingine, "Huyo mwimbaji ndiye aliyeshuka kusukuma lori. Akasema, nisubirini." Mama alizipokea bila kugeuza kichwa, akiendelea kukunja nguo, wala hakuuliza kitu. Sisi tulidhani hakusikia. Mama alifariki tarehe 30 Juni 2017.

Baada ya hapo Baba alianza kulia akiitazama. Presha ilipanda, daktari akasema asisumbuliwe na mawazo. Kaka akapiga simu, "Hiyo diski inammaliza mzee. Iondoe." Dada naye akasema hivyo hivyo. Aliyekuwa akikaa na Baba ni binti yake wa mwisho.

Hapa siwezi kuendelea kumwita binti wa mwisho. Ni mimi. Niliichukua ile diski, nikaizungushia kitambaa, nikaificha chini ya sare ambazo Mama hakuzimaliza. Jumapili ile Baba aliinua mito yote ya kochi.

"Mwanangu, hujaiona ile diski yangu?"

"Sijaiona, Baba. Itakuwa imechanganyika na zingine."

"Basi, si kitu."

Hakuuliza tena. Kila Jumapili alikaa pale pale, televisheni imezimwa, mikono magotini. Presha ilishuka, na sisi tukapongezana kwa simu. Ilipita miezi mitano ndipo nikagundua kwamba tangu siku ile hajasema kitu zaidi ya salamu na asante. Nikaelewa pia Mama alikuwa akifanya nini alipokuwa akikunja nguo. Nikaitoa diski, nikadanganya kwamba nimeiokota nyuma ya kabati.

"Asante, mama," aliniambia. "Iweke tu hapo."

Hakuiwasha kamwe.

Tarehe 3 Februari 2019 alipatwa na kiharusi, kikamchukua upande wa kulia na sauti. Alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja, siku kumi na tisa. Siku ya kumi na sita nilimpelekea filamu yake kwenye simu, nikaishika mbele ya uso wake. Daraja lilipotokea, midomo ikaanza kwenda. Nilitega sikio mpaka likamgusa mdomoni. Ilikuwa pumzi tu.

"Baba, mlimsubiri?" nikamuuliza.

Alinitazama. Akajaribu tena, na tena, jasho likimtoka, mpaka nesi akaniambia, "Dada, mwache apumzike, unamchosha." Nikazima. Alifariki tarehe 22 Februari, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu sita na mdogo wake mmoja. Ameacha pia wenzake watatu wa lorini, ambao hatujui majina yao wala kama wapo hai. Ikiwa kuna mtu hapa ambaye baba yake au kaka yake alipenda kuimba na hakujua kuimba, akaenda vitani asirudi, namwomba anitafute baada ya mazishi. Sina jibu la kumpa kama alisubiriwa. Nitamwambia tu kwamba nyumbani kwetu ndugu yake alikumbukwa kila Jumapili, mpaka siku niliyoificha ile diski.

Baba apumzike kwa amani. Na kama ameshakutana na wenzake wa lorini, wamwache aseme.