Risala ya Wakazi wa Mawe Mapana kwa Mama Kashaija, Kuhusu Picha za Mipaka Zilizofungiwa Mtandaoni

Mgeni rasmi, Mama Teodora Kashaija, Mkurugenzi wa Shirika la Makazi Kwetu. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Mayala. Viongozi wa dini. Majirani mliopata viti na mliosimama: shikamooni mnaostahili, na wengine habari za mchana.

KUKUKARIBISHA

Sisi wakazi wa Mtaa wa Mawe Mapana, hapa Mkolani, tumefurahi kukuona kwa macho. Tulishakata tamaa mara mbili, na sababu yake utaisikia. Viti vya mbele tumeviazima kanisani, maji yako ya kunywa yapo pembeni, na sato wako ameshaingia kwenye mafuta. Tutajitahidi tumalize kabla hajapoa.

Tunaomba radhi mapema kwa jambo moja. Risala hii inasomwa na katibu wetu, Odeta Nestory, na humu ndani anatajwa mara nyingi, tena si kwa sifa tupu. Iliandikwa na kamati nzima. Odeta aliomba isomwe na mtu mwingine, tukakataa, na tumemkataza pia kuruka mstari.

HISTORIA YETU KWA UFUPI

Mtaa wetu umekaa juu ya mawe, Mama. Mpimaji alipokuja mwaka 2019 kwa kazi ya urasimishaji, alikuta sehemu nyingi haziwezi kuchimbiwa bikoni, zile nguzo za zege za kuonyesha mpaka. Basi tukabuni njia yetu. Kila majirani wawili walisimama kwenye jiwe la mpaka, kila mmoja upande wake, wakashikana mikono juu ya alama ya rangi nyekundu, wakapigwa picha. Asiyeukubali mpaka hashiki mkono, na wapo waliochukua wiki tatu mpaka wakashikana.

Shirika lako ndilo lililotupa kamera na kompyuta. Picha zote ziliingizwa kwenye folda moja iliyoitwa MIPAKA, na Odeta akakabidhiwa kuitunza. Alikuwa mwalimu wa chekechea, hana mambo mengi, na mwandiko wake unasomeka. Kwa kuwa mipaka ya mtu ni siri yake, tuliweka sheria kwamba folda hiyo haifunguliwi ila mbele ya kamati nzima.

TULIYOFANIKIWA

Kwa miaka mitano mtaa huu haukupeleka kesi hata moja ya mpaka kwenye Baraza la Kata. Wenzetu wa mitaa ya jirani walikuwa wanakuja kutuuliza tunafanyaje, na Mzee Mayala aliwaeleza kwa maringo ambayo tulimvumilia. Pia tumechonga ngazi za kushukia bombani. Mafanikio mengine yapo, ila leo hayatuhusu.

YALIYOTUKUTA

Mwezi wa pili mwaka huu kompyuta ilianza kuleta ujumbe kwamba mfumo wake umepitwa na wakati na unatakiwa kusasishwa. Odeta aliufunga ujumbe huo siku tisa mfululizo. Siku ya kumi alinunua bando, akabonyeza kukubali, na mashine ikafanya kazi yake kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Ilipowaka tena ikamuuliza maswali kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, naye akakubali yote ili imuache aende kupika. Tunasema kweli mbele yako, Mama, hata sisi tungekubali.

Moja ya mambo aliyokubali ni picha kuhamishiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Zikapanda zote, na kwenye kompyuta zikabaki alama zake tu. Baada ya wiki mbili Mzee Mayala akalalamika kwamba kuna kitu kinakula bando la ofisi. "Kizime hicho," alisema, "kisitumalize." Odeta akakizima, akatoka kwenye akaunti. Kamati ilipokuja kuifungua folda ya MIPAKA, ilikuwa nyeupe, haina kitu.

Odeta hakuogopa wakati huo, kwa sababu alikuwa na nakala. Kila Ijumaa kwa miaka mitano aliihifadhi kwenye flashi mbele ya mashahidi watatu, wakasaini daftari. Aliichomeka ile flashi mbele ya kamati, akaifungua, na ndani yake hamkuwa na picha hata moja. Kumbe alichokuwa anakopi ni ile alama ndogo yenye kimshale, ya kufungulia folda, na siyo folda yenyewe. Mashahidi waliona jina MIPAKA limeingia kwenye flashi, wakasaini. Hakuna aliyewahi kuifungua aone kilichomo, maana sheria ilikataza, na sheria tuliitunga sisi. Tunaomba hilo lisikike vizuri: kosa la flashi siyo la Odeta peke yake, ni letu sote tuliosaini.

Yeye hakubali. Tangu siku ile anashuka bombani kwa njia ya mzunguko ili asipite mlangoni kwa Bi Wilhelmina.

Bi Wilhelmina ni huyo mama aliyekaa safu ya pili, mwenye kitenge cha kijani. Ni mjane, anaishi kwenye kiwanja ambacho upande wa juu kinapakana na cha marehemu Mzee Elias Mutalemwa. Wao wawili walishikana mikono mwaka ule, na wengi wetu tulikuwepo tukacheka, kwa sababu Mzee Elias aligoma kuuachia mkono mpaka aahidiwe chai. Mzee wetu alifariki mwaka jana. Mwanawe Gosbert, aliyekuwa akifanya kazi Geita, amerudi kuishi hapo, na anaamini kwamba mpaka unapita chini zaidi, kulipita jiko la Bi Wilhelmina. Rangi nyekundu ilishafutwa na mvua. Mpaka ukihama, jiko linavunjwa na nusu ya chumba anacholala inaondoka nalo.

Hatumsemi vibaya Gosbert. Yupo hapa, na tumemwalika kwa heshima. Hakuwepo siku ile, na hati aliyoachiwa ina mchoro wa kalamu tu. Alituambia mbele ya watu, "Nionyesheni baba yangu ameshika huo mkono. Nikimwona, nitanyamaza na nitaomba msamaha." Hayo ni maneno ya mtu muungwana. Baraza la Kata linakaa Alhamisi hii.

Wiki iliyopita Bi Wilhelmina alimkamata Odeta kwenye ile njia yake ya mzunguko.

"Shikamoo mama," Odeta alisema, macho chini.

"Marahaba. Unanikimbia kwa nini?"

"Nimekupotezea picha yako, mama."

"Picha umepoteza, mimi hujanipoteza. Njoo uchukue viazi, umekonda."

Odeta alivichukua vile viazi akaenda kulia navyo ndani. (Odeta, hapa usisome haraka.)

JITIHADA TULIZOFANYA

Tulipeleka kompyuta kwa fundi mmoja pale Nyegezi, karibu na stendi. Alituambia, "Wazee, picha zenu hazijafa. Ziko mtandaoni, zinamsubiri mwenyewe." Neno la siri la ile akaunti hakuna anayelijua, kwa sababu akaunti ilifunguliwa siku kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza, na aliyeifungua si mmoja wetu. Njia iliyobaki ni namba sita za uthibitisho ambazo mtandao unazituma kwenye simu ya aliyeifungua. Skrini inaonyesha tarakimu mbili za mwisho tu: 47.

Tuliandikia ofisi yako, tukajibiwa kwa upole kwamba kompyuta tulishakabidhiwa na ni mali yetu. Ndipo Odeta akapekua makabrasha siku nne, akaipata hati ya makabidhiano ya 2019. Imesainiwa na afisa wa mradi wa wakati ule, na namba yake ya simu inaishia na 47. Afisa huyo aliitwa T. Kashaija.

Ndiyo, Mama. Ni wewe, kabla hujawa Mkurugenzi.

Tulikupigia. Mzee Mayala ndiye aliyeongea, na anakiri kwamba alianza vibaya. Alisema, "Mama, sasa hivi utapokea namba sita kwenye simu yako, nisomee haraka kabla muda haujaisha." Ulimjibu, "Mzee mzima huoni aibu?" ukakata. Akakutumia ujumbe kujieleza, akamalizia kwa kusema zile namba uzitume kwenye namba hii. Ukamfungia. Tukajaribu kwa simu ya mweka hazina, nayo ukaifungia. Hatulalamiki. Ndivyo tunavyowaelekeza wazazi wetu wafanye wakipigiwa na matapeli, na tumefurahi kuona kiongozi anafuata.

Tukakaa kikao, tukaona njia iliyobaki ni kukualika uwe mgeni rasmi.

MAOMBI YETU

Tumeliona boksi kwenye gari lako, na dereva wako si mtu wa kutunza siri. Tunashukuru sana kwa kompyuta mpya. Tunaomba isubiri kidogo.

Tunachoomba ni simu yako. Tungeweza kukuomba pembeni ulipofika, lakini tulitaka iwe mbele ya Gosbert na mbele ya watu, ili Alhamisi asitokee mtu akasema picha ilitengenezwa. Kompyuta ya zamani iko mezani hapo mkono wako wa kulia, imeunganishwa na luninga ya Mzee Mayala, na fundi wa Nyegezi amekaa nayo. Itafunguliwa picha moja tu, ya Bi Wilhelmina na Mzee Elias. Bi Wilhelmina ameridhia, na Gosbert ameridhia kwa niaba ya baba yake. Zile nyingine hazitaguswa hadi kamati ikae, safari hii tukihesabu picha zenyewe kabla ya mtu kusaini.

Tunaomba pia umwambie Odeta neno lolote. Sisi tumemwambia kila tunalojua na hajatuelewa.

Mungu akutunze, Mama Kashaija, wewe na nyumba yako, na akulipe kwa kuja kwa watu uliodhani ni matapeli. Kwa heshima, ni sisi wakazi wa Mtaa wa Mawe Mapana, Mkolani, Mwanza, pamoja na Kamati yetu ya Mipaka.

Fundi anabonyeza sasa. Tunaomba watu wasipige makofi kwanza, ili mlio wa simu usikike.