Kinu cha Kahawa

Gari letu lilipotoka Kemambo, kwenye machimbo ya dhahabu, mchimbaji mmoja kijana alimwonyesha mama aliyeketi naye picha ya mashine ya kahawa ya espreso kwenye simu. Dhahabu humpa mtu ladha mpya kabla haijampa nyumba.

"Naichukua leo Bomani, mama."

"Nzuri. Lakini haisagi. Kahawa utaisagia nini?"

"Kinu kipo, kile cha chuma tunachotwangia mawe."

"Mnachochanganyia zebaki? Mwanangu, hiyo ni sumu!"

"Si tunakiosha?"

"Haiosheki. Mimi changu hakiguswi na kitu kingine, ni kahawa tu."

Kijana akafikiri kidogo. "Wanao wanachimba?"

"Wawili."

"Na hawajawahi kukiazima hicho kinu chako?"

Gari likasimama Bomani. Kijana akashuka. Mama naye alikuwa ashukie hapo, lakini hakuinuka.