Sweta Saba za Kageha

Mlimwona. Msiniambie hamkumwona. Miaka sita alipita mbele ya milango yenu Mashimoni, akienda Kawangware kwa miguu na mfuko wa nyuzi kichwani. Mkageuza macho.

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Kageha, mfumaji wa sweta. Alifariki mwezi uliopita, Juni 1997, kwa nimonia. Mlango wake ulikaa umefungwa siku mbili. Siku mbili! Hakuna aliyebisha.

Kageha aliachia shule darasa la nne. Hesabu aliipata kwenye nanasi. Rosebella, muuza matunda wa Mashimoni, anasimulia: "Alikuwa anazungusha nanasi akihesabu magamba. Nikamwambia, mathe, unanunua ama unafanya sensa? Akasema, huku mistari inapanda minane, huku kumi na tatu. Shika ingine uone." Rosebella akashika. Nane, kumi na tatu. Akashika la tatu. Yale yale.

Kageha akashuka mashamba ya Silanga kuhesabu alizeti. Ishirini na moja, thelathini na nne. Akajumlisha kwa vidole: nane na kumi na tatu ni ishirini na moja. Kila namba ilitoka kwa mbili zilizoitangulia.

Akafuma hivyo. Safu moja nyekundu, moja nyeupe, mbili nyekundu, tatu nyeupe, tano, nane, kumi na tatu. Mistari ikapanuka kutoka shingoni kwenda chini, kama kitu kinachokua.

Waruguru, mwenye karakana ya sweta za shule Kawangware, ndiye aliyempa kazi. Alipoiona sweta hiyo aliangua kicheko. "Kageha, hii sweta imelewa? Mistari ya shule inalingana. Fumua!"

Akafumua. Lakini chumbani, peke yake, akafuma tena kwa nyuzi za mabaki. Sweta kumi na moja, kila moja na hesabu yake. Hakuandika popote, hesabu imo kwenye sweta tu. Alizitundika ukutani. Hizo ndizo zilikuwa wageni wake; wengine hakuwa nao.

Mdogo wake, Shivachi, ameniambia: "Aliniandikia, njoo uhesabu na mimi. Sikuja. Nilikuja kuchukua mwili. Zile sweta nikampelekea Waruguru afumue, nyuzi zisipotee. Sikujua ndizo hesabu zenyewe."

Simlaumu. Ndivyo tufanyavyo sote: sweta ya zamani hufumuliwa, mtoto akapata mpya.

Nne zimeshafumuliwa. Zimebaki saba. Waruguru anasema: "Mimi sina ubaya, nataka nyuzi. Mtu akileta sweta kuukuu, achukue ya Kageha. Jumatatu naendelea."

Shivachi, nanyi jamaa wa Kageha kule Vihiga, poleni sana. Nanyi wengine, jiulizeni: ni mlango upi kwenye ploti yenu ambao haujafunguka tangu jana?

Leo ni Jumamosi. Sweta saba. Vua hiyo iliyochakaa, ipeleke Kawangware, rudi na moja ya Kageha. Kisha bisha kwa jirani yako, mkae chini, mhesabu pamoja. Zima redio. Nenda.