Seloteipu Kwenye Lenzi ya Edrine

Benchi la Rebecca muuza kahawa liko Hai Mauna, kati ya karakana ya mageti na cherehani yangu, na Alhamisi hiyo lilijaa kabla tangawizi haijachemka kwenye kahawa. Kilichotujaza ni picha mbili alizokuja nazo Loku. Jumamosi Norah, binti wa kaka yake, anaolewa kanisani Kator, na ukoo umempa Loku kazi ya kuchagua mpiga picha. Jumapili baada ya misa aliwapa nafasi watu wawili, kila mmoja apige picha moja ya kundi lile lile: Norah mbele, ukoo nyuma yake kwenye ngazi. Wa kwanza ni Edrine, Mganda mwenye lenzi nzito kama sufuria ndogo. Wa pili ni Angella, Mganda mwenzake, ambaye miaka minne hapa Juba amepiga vichwa vya pasipoti tu mbele ya shuka nyeupe, ndiyo maana sisi mabingwa wa benchi tulimbatiza Pasipoti. Asubuhi hiyo Edrine alikaa katikati yetu, Angella pembeni, kikombe chake hakijaguswa. Alishaniambia kwamba akiikosa harusi hii anarudi kwenye shuka yake na hatajaribu tena.

Loku: Basi semeni. Hii ya Edrine, hii ya Angella. Ukoo inataka jibu leo.

Opio alizinyakua zote mbili. Ni dereva wa boda, tunamwita Profesa kwa kuwa hajawahi kusema "sijui" tangu tumfahamu.

Opio: Hii ya Edrine iko ingine kabisa! Angalia kope ya Norah, mimi nahesabu moja moja. Na huko nyuma maziwa tupu. Laini!

Duku: Na hizi duara-duara za rangi?

Edrine: Hizo ni nguo za watu, Balozi. Lenzi imeyeyusha. Hii ni milimita themanini na tano, mlango yake ya mwanga inafunguka wazi mpaka moja nukta nne. Juba mzima hakuna ingine.

Duku ndiye Balozi. Aliwahi kufagia ofisi za mashirika kule Amarat, na tangu hapo hazungumzi, anatoa tamko.

Opio: Sasa ona ya Pasipoti. Bibi harusi iko, sawa. Lakini jerikeni ya manjano pia iko. Na kuna mtu anatafuna.

Duku: Huyo anayetafuna ni mimi. Nilikuwa napita.

Opio: Ndiyo nasema! Lenzi gani haichagui watu?

Angella: Ni ile ilikuja na kamera, kaka. Nilifunga mlango mpaka nane, ikabaki tundu ndogo, ili...

Edrine: Mmesikia? Ilikuja na kamera! Kama kijiko inakuja na chai.

Benchi zima likacheka. Nami nilicheka, sitaficha. Nilikuwa upande wa ule ukungu wa nyuma moja kwa moja, maana ile picha ya Edrine ilifanana na matangazo ya hoteli, na sisi wa Mauna tukiona kitu kama cha hoteli tunalegea.

Opio: Niwaeleze kisayansi. Lenzi ya Edrine iko na akili. Inajua nani mkubwa. Kama askari wa geti kule Amarat: wewe pita, wewe baki nje.

Duku: Hapana, ya zol, ndugu yangu. Ni baridi. Hii kioo ilipikwa nchi ya baridi sana. Ikifika kwa joto ya Juba inatoa jasho, jasho inaenda nyuma, mbele inabaki kavu.

Opio: Na kiangazi je?

Duku: Inazidi! Wallahi, ukipiga saa nane mchana na hii kitu, hata nyumba ya nyuma inaondoka.

Opio: Inaenda wapi?

Duku: Inaenda tu. Picha ikiisha inarudi.

Opio: Basi Edrine aje darajani apige foleni ya malori, mimi nipite na boda!

Angella: Si jasho. Mlango ikifunguka sana, ukali inabaki mahali moja tu, nyembamba kama kisu. Angalieni sikio ya Norah kwa ile picha. Imeshaanza kupotea.

Tukainamia picha. Kweli, kope zilikuwa kali za kuchoma, lakini sikio lilishakuwa uji.

Opio: Sikio ni ya nini? Bibi harusi hasikilizi mtu siku ile.

Angella: Na hata hii lenzi ya Edrine inaweza kufungwa. Ile pete inazunguka. Ni yeye ameipiga seloteipu.

Tukageuka kutazama. Kumbe kweli. Lenzi ile kubwa ilikuwa imezungushiwa seloteipu nyeusi kiunoni, safu mbili.

Edrine: Niliweka mwenyewe! Mtu anunue mlango kubwa hivi halafu aifunge? Si ni kununua gari halafu unasukuma?

Opio: Kweli kabisa!

Loku: Basi kalas, imeisha. Ni Edrine.

Akatoa simu kuupigia ukoo. Angella aliweka kikombe chini polepole na kuanza kukunja mkanda wa mkoba wake. Roho iliniuma, na bado nikarudi kwenye kahawa yangu.

Ndipo boda ikasimama, akateremka mama yake Loku, bibi yake Norah, Haboba Poni, ambaye mtaa mzima unamwita haboba, yaani bibi. Alikuwa amefunga lawa yake ya sherehe begani, ile shuka ya rangi ya machungwa. Tukainuka wote kumpisha.

Haboba: Picha iko wapi?

Loku alimpa ya Edrine kwa mikono miwili. Haboba aliisogeza karibu, akaipeleka mbali.

Haboba: Norah muzuri.

Edrine: Asante, haboba.

Haboba: Na mimi iko wapi?

Edrine akaonyesha duara moja kwa kidole.

Edrine: Hapa, nadhani. Hii ya machungwa.

Opio: Au hiyo ya kijani, haboba.

Duku: Kijani ni mti.

Haboba: Mimi ilibeba huyu mtoto mgongoni kutoka Kajo Keji mpaka tukavuka kuingia Uganda. Siku tatu kwa mguu. Jumapili mimi ilisimama nyuma yake. Sasa niambieni. Mimi iko wapi?

Angella ndiye aliyesogea, akapiga goti kama wafanyavyo kwao, akamwekea mapajani ile picha ya pili.

Kidole cha haboba kilipita uso kwa uso.

Haboba: Huyu Loku. Huyu Loro, mjukuu yangu. Huyu mimi! Hata fundo ya lawa inaonekana. Na huyu anakula.

Duku: Ni mimi, haboba. Malesh, samahani.

Haboba: Kula, mwanangu. Wote wako hapa! Nani alipiga?

Angella: Mimi, haboba.

Haboba: Jumamosi ni wewe.

Loku akairudisha simu mfukoni. Mimi ndiye niliyepiga kelele wa kwanza, bila aibu, utadhani nilikuwa upande wake tangu alfajiri. Rebecca aligonga birika kwa kijiko, fundi wa mageti akaja na nyundo yake kuuliza kumetokea nini, na Angella akacheka huku anafuta macho. Nilifurahi kama naolewa mimi.

Edrine peke yake alinywea. Angella akamnyooshea mkono.

Angella: Nipe kamera.

Akabandua seloteipu kwa ukucha. Akazungusha pete, tik, tik, tik, mpaka nane. Akavuka barabara mpaka ng'ambo, boda mbili zikimpigia honi, maana lenzi ile, alisema, inataka umbali. Akatupiga picha sisi sote, haboba katikati.

Aliporudi, Edrine aliivuta picha kwenye skrini, akaivuta tena. Haboba mkali, sisi wakali, na nyuma kabisa, kwenye kopo la maziwa la Rebecca, maandishi yanasomeka.

Edrine: Hii ni lenzi yangu?

Angella: Ni hiyo hiyo. Jumamosi njoo nayo. Norah akiwa peke yake, fungua mlango, piga ukungu yako yote. Ukoo napiga mimi.

Edrine: Sawa, bosi.

Rebecca akapindua birika. Kahawa mafi, kama wasemavyo hapa: hakuna hata tone. Lakini hakuna aliyeondoka, kwa sababu haboba alitaka picha nyingine, na safari hii kila mtu alitaka kuwamo. Tukasukumana. Profesa alibanwa nyuma kabisa, ukutani, juu ya bega la Balozi, akanyoosha shingo. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne alimwita kwa jina lake.

Opio: Angella! Mimi wa huku nyuma nitaonekana?

Angella: Mpaka kope, Profesa.