Dua ya Miaka Tisa ya Bi Mwanahamisi

Wasikilizaji wapendwa, kitendawili! Mnaoitika huko jikoni nimewasikia. Mgeni wangu huingia kila asubuhi, na mlango haujafunguliwa. Ni nani? Msijisumbue, wajukuu zangu, leo jibu nawapa mapema. Ni mtu unayemwombea.

Leo tunamkumbuka Bi Mwanahamisi, mkulima wa njegere na mapeasi, huku kwetu Lushoto. Tulimzika Ijumaa. Bi Mwanahamisi alimwombea kaka yake miaka tisa. Narudia: miaka tisa.

Kaka yake ni Mzee Nassoro. Waligombania zamu ya maji ya mfereji, kwenye shamba la baba yao. Bi Mwanahamisi akamwambia mbele ya watu, "Mimi sina kaka." Mzee Nassoro akahamia Zirai, akalima iliki. Miaka ikapita, hakurudi.

Basi kila alfajiri, akishaswali, Bi Mwanahamisi alibaki mkekani, macho kayafumba. Anamwona kaka yake anapanda kilima, anabisha hodi, anaomba radhi. Binti yake, Rukia, anasema: "Nilikuwa namtania, mama, mjomba kafika wapi leo? Ananijibu, kafika darajani, lakini kiburi kinamlemea."

Mwaka wa tisa, asubuhi moja, Rukia alimkuta mama yake anacheka huku machozi yanamtoka.

"Leo nimesikia hodi," alimwambia. "Nikaenda kufungua. Kumbe aliyesimama nje ni mimi. Mwanangu, lile neno nililisema mimi."

Siku hiyo hiyo akajaza mapeasi kikapuni. Mama na binti wakashuka milima hii, wakapanda ile ya Zirai. Jua linazama, wako mlangoni.

"Shikamoo, kaka. Nisamehe."

Mzee Nassoro akamtazama, akatazama kikapu. "Marahaba. Miaka yote hii nakusubiri, halafu unaniletea mapeasi mabichi?"

Rukia anasema walicheka mpaka wakakaa chini, wazee wale, palepale kizingitini.

Mungu akawapa miaka minne ya kutembeleana. Na Ijumaa, pamoja na magoti yake mabovu, Mzee Nassoro ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea dada yake. Alikataa kusaidiwa.

Mzee Nassoro, Rukia, na ukoo mzima, poleni sana. Tunalia nanyi, na tunashukuru nanyi.

Nanyi wapendwa, yuko mnayemwombea arudi? Msichoke. Ila kesho, mkishafumba macho, tazameni vizuri ni nani anayepaswa kufunga safari.