Machicha ya Kiwanda cha Spiriti

Basi lilikuwa nusu tupu, na binti mshonaji aliyekaa nyuma ya abiria wawili alisikia kila neno bila hata kutega sikio. Mzee mwenye ovaroli ya kiwanda cha spiriti, ile inayochanganywa na petroli, alikuwa akimweleza mama mfugaji: "Mwezi ujao tunaacha mahindi. Tutachachusha molasi ya miwa, ni nafuu zaidi."

"Na machicha ya mahindi, yale tunayolishia ng'ombe?"

"Molasi haina machicha, dada. Yanabaki maji meusi tu, ya kumwagia mashamba."

"Ng'ombe wangu watano wanakula machicha yenu. Majani ya malisho niliyang'oa yote, nikapanda mahindi ya kuwauzia ninyi. Si mlisema machicha hayataisha?"

"Nani alisema?"

"Wewe, kaka yangu. Pale getini, ukinisaidia kupakia."

Mzee akageukia dirishani. Binti naye akageukia dirishani, ingawa hakuna aliyemuuliza kitu.

Basi likasimama mbele ya kiwanda. Mzee akainuka, na mama akainuka pia.

"Kwani unashuka hapa?"

"Nashuka. Twende ukamwambie bosi wako ulichoniahidi. Mimi sitasema neno, nitasimama tu pembeni yako."