Mzee Zabroni, Fundi Aliyebebeshwa Kosa la Betri

Mzee Zabroni alizaliwa Kizuka, Burundi, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa Tarsisi na Anastazia. Alisoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1972, familia ilipokimbia mauaji kwenda Kigoma, Tanzania. Hakurudi darasani tena. Badala yake alijifunza ufundi kwenye karakana ya misheni, palipokuwa na pikipiki kuukuu za Kiingereza.

Pikipiki hizo zilikuwa na desturi yake. Waya wa masi, ule unaofungwa kwenye fremu, ulitoka upande wa chanya wa betri, wakati pikipiki za siku hizi hufungwa upande wa hasi. Marehemu hakufunga masi kabla ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae. Wateja walilalamika, "Mze, unaniharibia pikipiki!" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Unataka iwake ao unataka kuipiga picha?"

Tarehe 21 Julai 1984 alifunga ndoa na Evangelina. Walijaliwa watoto watatu. Mwaka 2008 walirudi Burundi, na marehemu akafungua karakana Rumonge pamoja na mdogo wake, Meshaki, ambaye marehemu mwenyewe alimfundisha kazi.

Yaliyofuata, marehemu aliagiza yasomwe hapa, na binti yake Jovita anayasoma kama alivyoagizwa.

Tarehe 9 Agosti 2015 marehemu alikuwa Kabezi msibani. Siku hiyo Fabiola, mkunga wa Gitaza, alikuja kuchukua pikipiki ya Kiingereza ya mwaka 1961 aliyoachiwa na baba yake. Meshaki alikuwa ameshaweka betri asubuhi, akafunga hasi kwenye fremu kama alivyozoea kwenye pikipiki mpya. Kabla Fabiola hajafika kwake, nyaya ziliungua na moto ukashika tangi. Aliungua mguu na mkono wa kushoto. Vidole vyake havikunyooka tena, na kazi ya ukunga ikaisha.

Mafundi wa mji walipokutana kuulizana, Meshaki alisema, "Betri aliweka kaka, kabla ya kwenda msibani."

Marehemu alisema, "Betri iliwekwa siku hiyo, na mimi sikuwa Rumonge." Kisha akamtazama mdogo wake, akangoja. Walioamini maneno ya marehemu ni mke wake na watoto wake tu. Wateja wakahamia kwa Meshaki. Fundi mkuu wa pikipiki za zamani akawa anatengeneza taa za wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, na kanisani watu waliacha nafasi kwenye benchi alilokaa.

Mwaka 2022 alianza kuugua figo. Januari 2024 Meshaki alikuja kumwona, akalia. "Kaka, betri niliweka mimi. Niliogopa."

"Najua," marehemu alisema. "Najua tangu siku ile. Usiniambie mimi. Nenda Gitaza ukamwambie Fabiola."

Meshaki aliahidi kwenda Jumapili. Kila Jumapili marehemu aliuliza kama mdogo wake amekwenda. Aliuliza hadi mwezi wa Mei, kisha akaacha kuuliza. Basi la Gitaza halijawahi kukosekana.

Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono.

Dada Fabiola, umekuja kumzika mtu uliyeambiwa kuwa alikuunguza. Si yeye. Familia inakuomba radhi kwa kuchelewa miaka tisa.

Marehemu ameacha mjane, Evangelina. Watoto, Jovita, Riziki na Danieli. Na wajukuu watano. Watoto hawakutaka jina la Meshaki liandikwe hapa. Mama yao alisema liandikwe, kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja. Limeandikwa.

Mungu ampe Mzee Zabroni amani ambayo sisi watu wa Rumonge tulimnyima.